"Imefaulu, imefaulu, imefaulu": uhakiki wa skrini ya kupima intaneti kwenye PS4

Jumamosi moja mama mdogo alinipigia simu. Ana kibanda cha gemu huko Tabata, PS4 tatu, mechi moja shilingi 500, na benchi ambalo halikosi watoto kuanzia shule zikifungwa. Hakusalimia sana.

"Mwanangu, si wewe ndiyo unasomea mambo ya mawimbi? Hebu njoo uangalie hili dude. Lenyewe linaniambia limefaulu, watoto wananiambia halifai. Nimwamini nani?"

Nimeulizwa maswali mengi darasani, machache yamekuwa mazuri kuliko hilo. Ma'mdogo alitaka vijana wake wacheze mpira mtandaoni na watu wa mbali, ili kibanda kipate wateja wakubwa kidogo. Akanunua ruta ya kuchomeka laini. Mechi zikaganda. Akaongeza kifurushi, kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, kwa hela aliyokopa kwenye kikoba. Mechi zikaendelea kuganda vilevile. Kila akiiambia PS4 ijipime, inamjibu kwa upole uleule: imefaulu, imefaulu, imefaulu.

Hapa kwenye blogu tumezoea kuhakiki vitabu vya sayansi na filamu. Leo naomba nihakiki skrini. Msicheke. Skrini ile ni maandishi kama maandishi mengine: kuna aliyeiandika, kuna anayeisoma, na kuna madai ndani yake. Tena kwa kaya nyingi, ndiyo ripoti pekee ya kipimo cha kisayansi ambayo mtu ataisoma mwaka mzima na kuitolea hela. Kwa hiyo nitaisoma kama tunavyosoma makala ya utafiti: imepima nini, imeripoti nini, na imeacha nini?

Mistari sita

Ukiingia kwenye mipangilio ya PS4, ukachagua mtandao, kisha ukaiambia ijaribu muunganisho, inafikiri kidogo halafu inaleta orodha. Kiswahili hakimo kwenye lugha za mashine hiyo, kwa hiyo tafsiri hii ni yangu. Kwa Ma'mdogo ilisomeka hivi:

Kupata anwani ya IP: imefaulu.
Muunganisho wa intaneti: imefaulu.
Kuingia PlayStation Network: imefaulu.
Aina ya NAT: Aina ya 3.
Kasi ya kupakua: megabiti 18 na kitu.
Kasi ya kupakia: megabiti 5 na kitu.

Tuanze na haki yake, maana mhakiki anayeanza na matusi huwa hajasoma. Mistari mitatu ya mwanzo imepangwa vizuri sana. Mstari wa kwanza unamaanisha nywila ilikubaliwa, redio ya konsoli na ya ruta zinasikilizana, na ruta imeipa konsoli namba ya humo ndani, mara nyingi ile inayoanza na 192.168. Wa pili unamaanisha ujumbe umetoka nje ya nyumba na jibu limerudi. Wa tatu unamaanisha akaunti yako imekubaliwa huko mbali. Kila mstari unasimama juu ya mgongo wa uliotangulia. Ukikwama wa kwanza, shida iko chumbani kwako. Ukikwama wa pili, angalia ruta au kampuni. Ukikwama wa tatu, angalia akaunti. Hivyo ndivyo fundi mzuri anavyotafuta hitilafu: anagawa tatizo vipande, anapima kipande kimoja kimoja.

Na ukikumbuka tulikotoka, hiyo si kazi ndogo. Xbox 360 ya mwaka 2005 ilitoka kiwandani bila waifai ndani; kifaa chake kiliuzwa pembeni, mpaka lilipokuja toleo la 2010. Nintendo DS ya 2004 ilikuwa na waifai, lakini gemu zake zilielewa ufunguo wa aina moja tu, WEP. Udhaifu wa WEP ulikuwa umeshaanikwa tangu 2001, katika kazi ya Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir. Kwa hiyo mzazi aliyetaka mtoto acheze na wenzake ilibidi alegeze ulinzi wa nyumba nzima, simu na kompyuta zote, kwa ajili ya kidude kimoja cha mkononi. Huduma ile ya DS ilifungwa Mei 2014. Leo unachagua jina la mtandao, unaandika nywila, kwisha. Nani ataona vibaya?

Lakini neno "imefaulu" lina ujanja wake. Linajibu swali la kama umeunganishwa. Ma'mdogo alikuwa anauliza swali jingine: je, hapa mtu anaweza kucheza? Kwa swali hilo skrini haina mstari hata mmoja, na mbaya zaidi, imeweka chini kabisa namba mbili zenye sura ya kuwa jibu.

Njia nane za Kimara

Barabara ya Morogoro, kipande cha Kimara hadi Kibaha, ilipanuliwa kwa kilomita 19.2 ikawa na njia nane. Foleni ilipungua, hilo halina ubishi. Lakini je, Dodoma ilisogea? Bado ni kama kilomita 450 kutoka Dar. Ukiwa na lori mia za mahindi, njia nane zitakusaidia. Ukiwa na pikipiki moja imebeba bahasha moja, usiku wa manane barabara ikiwa tupu, njia nane na njia mbili ni kitu kilekile.

Megabiti kwa sekunde ni idadi ya njia. Gemu ya mtandaoni ni pikipiki yenye bahasha. Kinachosafiri wakati wa mechi si picha ya uwanja. Picha inachorwa na konsoli yako mwenyewe. Kinachosafiri ni taarifa fupifupi: nimebonyeza pasi, mchezaji wangu yuko hapa, mpira unaelekea kule. Zikijumlishwa mara nyingi hazifiki hata megabiti moja kwa sekunde. Mtu mwenye megabiti 10 alikuwa na nafasi kubwa ya kubaki kabla hata hajaenda kikoba.

Kilichomuumiza Ma'mdogo ni muda ambao bahasha moja inachukua kwenda na kurudi. Wachezaji wanauita pingi, nasi tuuite hivyo. Na pingi ina ukuta ambao hakuna kifurushi kinachouvuka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dar hadi Johannesburg, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 2,450: milisekunde 12 kwenda, 12 kurudi, jumla kama 25. Kutoka Dar hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000: 35 kwenda, 35 kurudi, jumla 70. Hiyo ni kama nyaya zingenyooka kama rula, na hazinyooki. Zinazunguka pwani, zinapita baharini, zinaingia kwenye vituo ambako pakiti husubiri kupangwa upya. Ongezea makumi ya milisekunde ya mtandao wa simu wenyewe, maana ruta ya laini lazima ipige hodi kwa mnara kila inapotaka kusema.

Nikachukua kompyuta yangu, nikaunganisha na waifai ileile, nikapima kwenda seva moja ya Ulaya. Ikarudi milisekunde 180 hivi. Nikamwomba Ma'mdogo ashushe kifurushi kwenye mawazo tu, tupige hesabu. Mshambuliaji wa kwenye gemu akikimbia mita 8 kwa sekunde, ndani ya milisekunde 180 anasogea karibu mita moja na nusu. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde imeshachora picha kama 11 kabla ya jibu kufika. Beki wako anateleza kwenye miguu ya mtu ambaye ameshapita zamani. Watoto wanapiga kelele, "Imestaki!" Haijastaki. Ndiyo urefu wa njia.

Nisimwonee mtu: kuna wakati megabiti zinasaidia kweli. Mtu akiwa anapakua kitu kwenye konsoli ya pili, pakiti zako zinakaa foleni nyuma ya zake ndani ya ruta, na hapo njia pana inapunguza foleni. Na gemu yenye gigabaiti 50 inapakuliwa kwa kama saa 11 ukiwa na megabiti 10, ila kwa saa tano na nusu ukiwa na 20. Kama Ma'mdogo angesema shida yake ni kupakua, ningempongeza. Shida yake haikuwa hiyo. Kampuni ilimpa kasi aliyolipia, au karibu yake. Skrini ilisoma kasi hiyo kwa usahihi. Hakuna aliyemdanganya, na hela imekwenda.

Hapo ndipo hukumu yangu ya kwanza inapoegemea. Skrini imeonyesha kile kinachouzwa na kuficha kile kinachochezwa. Msomaji akiona namba mbili tu, ataongeza namba hizo. Ni nani asingefanya hivyo?

Hewa ya kibanda

Kabla ya kufika baharini, bahasha ilikuwa na safari ya mita nne: kutoka konsoli hadi ruta iliyotundikwa juu ya feni. Safari hii fupi ndiyo ambayo skrini ingeweza kuielezea vizuri kuliko nyingine zote, maana konsoli yenyewe ni mhusika. Nayo imenyamaza.

Waifai ni baraza la watu wenye adabu. Kila kifaa, kabla ya kusema, husikiliza kama kuna anayesema. Kikisikia kimya, kinasubiri kidogo kwa muda wa kubahatisha, kisha kinasema. Redio ya namna hii haiwezi kusikiliza wakati inaongea, kwa hiyo wawili wakianza pamoja hawajui kama wamegongana. Wanajua tu kwamba jibu la "nimepata" halikuja, basi wanarudia. Baraza likiwa na watu watatu, mambo yanakwenda. Likiwa na simu kumi na tano za watoto waliokaa kwenye benchi, ruta ya saluni ya jirani na ruta ya duka la vipodozi, kusubiri na kurudia kunaongezeka, na hakuongezeki kwa utaratibu. Pingi inayumba. Mcheza gemu anaweza kuzoea uchelewaji wa aina moja. Usiotabirika haumzoei mtu.

Ongeza kwamba masafa ya gigahezi 2.4 ni kama kisima cha mtaa. Wote wanateka hapo. Chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Oveni za maikrowevu zinavuja humohumo. Bluetooth inarukaruka humohumo, na pedi za PS4 zinatumia Bluetooth. Ma'mdogo ana konsoli tatu, pedi sita, zote ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta.

Nilipima pingi kwenda kwenye ruta tu, bila kutoka nje. Asubuhi kibanda kikiwa kitupu: milisekunde 2, 3, 2. Saa kumi jioni benchi likiwa limejaa: 4, 3, 61, 5, 88, 7. Nikachomeka waya. Ikatulia. Hii si siri ya maabara. Ni kipimo cha dakika mbili ambacho konsoli ingeweza kukifanya yenyewe na kuandika: hapa ndani, hewa yako imejaa.

Kuna jambo jingine lililokaribia kumtoa Ma'mdogo hela za bure. PS4 zake mbili ni zile nene za mwanzo, toleo la 2013. Moja ni Slim ya 2016. Zile nene husikia gigahezi 2.4 tu. Slim husikia 2.4 na 5. Fundi mmoja alikuja, akaona hewa ya 2.4 imejaa, akaipeleka ruta kwenye 5 peke yake. Wazo si baya: huko kuna chaneli nyingi zaidi, na wimbi lake, la sentimita 6 hivi badala ya 12, hupita kwenye tofali kwa shida, kwa hiyo kelele za jirani hazikufikii sana. Lakini zile nene mbili zikawa viziwi. Jina la mtandao likapotea kwenye orodha. Kijana wa kibandani akatoa hukumu: waifai za hizi zimekufa, zipelekwe Kariakoo zikafunguliwe.

Mtu atasema, sasa konsoli itaandikaje kuhusu mtandao isioweza kuusikia? Kweli, haiwezi. Lakini inajua masikio yake yenyewe. Mstari mmoja chini ya orodha ungetosha: mashine hii husikia 2.4 tu, usipouona mtandao wako, huenda ruta imewekwa kwenye 5. Maneno hayo yasingemgharimu mtengenezaji chochote, na Ma'mdogo asingekaribia kulipia ugonjwa ambao haupo.

Tatu ni nyingi au kidogo?

Tuje kwenye ule mstari wa nne. Aina ya 3. Ma'mdogo aliufurahia.

"Si inaanza moja? Mimi nina tatu."

Kijana wake akambishia: "Hapana mama, hiyo ni kama divisheni. Wani ndiyo bora."

Kijana ndiye aliyepatia, ila kwa kubahatisha. Kwenye PlayStation, Aina ya 1 ni konsoli iliyokutana na intaneti uso kwa uso, ya 2 ni iliyo nyuma ya ruta inayoruhusu, ya 3 ni iliyo nyuma ya ruta inayobana. Ukienda Xbox, utaambiwa wazi, wastani au kali. Ukienda Nintendo Switch, utapewa herufi, A ikiwa bora na F mbaya, kama karatasi za mtihani. Watengenezaji watatu, lugha tatu, jambo moja. Na hakuna hata mmoja anayekwambia kwenye mstari huohuo jambo lenyewe ni nini.

Ni hili. Fikiria shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Wanafunzi mia nne, S.L.P. moja. Ukiandika barua kwenda nje, karani anaiandika kwenye daftari: barua hii ya kwenda Iringa ni ya Asha. Jibu likirudi kutoka Iringa, karani anaangalia daftari, anampelekea Asha. Safi. Lakini ikija barua ambayo hakuna aliyeianzisha, imeandikwa S.L.P. tu bila jina, karani ataitupa. Hana kosa, hajui ni ya nani.

Ruta yako ndiyo karani huyo, na NAT ndiyo daftari lake. Anwani za IP za kizazi cha zamani ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi kila kifaa, kwa hiyo nyumba nzima inatumia sanduku moja. Kutembelea tovuti ni rahisi, maana wewe ndiye unayeanza. Lakini gemu nyingi huunganisha wachezaji wawili moja kwa moja, au sauti zao. Asha wa shule ya kwanza na Neema wa shule ya pili wanataka kuandikiana, na makarani wote wawili ni wakali. Kila barua ya kwanza inatupwa. Ndiyo maana Ma'mdogo alikuwa anasubiri dakika nzima kupata mpinzani, na akimpata, sauti haipo.

Sasa kuna utamu wa pili, au uchungu. Kampuni nyingi za simu nazo zimeishiwa anwani, kwa hiyo zinaweka karani mwingine juu ya karani wako. Sanduku la shule liko ndani ya sanduku la kata. Vijana wengi hutazama video za kufungua milango kwenye ruta, wanaingiza namba mpaka usiku wa manane, na hakibadiliki kitu. Hakiwezi kubadilika: umemlegeza karani wa shule, wa kata hakujui. Kuna njia rahisi ya kujua. Fungua ukurasa wa ruta, angalia anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni safu iliyotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya makarani wa namna hii hasa. Ikianza na 10, habari ni ileile: anwani hiyo si ya intaneti ya wazi. Dawa hapo ni kuiomba kampuni anwani ya hadharani, kama inatoa, wala si kununua megabiti.

Ya Ma'mdogo ilianza na 100.70. Nikafunga kompyuta.

Utetezi wa upande wa pili

Nimewaza sana watetezi wa skrini hii wangesema nini, na wana hoja.

Hoja ya kwanza: mashine ni ya watu wa kawaida, usiwamwagie namba. Nakubali kwamba namba nyingi zinachosha. Lakini skrini tayari imemwaga megabiti na aina za NAT. Ugumu upo, kilichokosekana ni maana. Mama anayepima presha zahanati anapewa namba mbili ngumu kuliko hizi, na anaondoka akijua kama apunguze chumvi.

Hoja ya pili: pingi inategemea seva ya kila gemu, konsoli haiwezi kujua. Ni kweli haiwezi kujua zote. Lakini ili ipime kasi ya kupakua, tayari imezungumza na seva fulani, imetuma na kupokea. Muda wa kwenda na kurudi kwenye seva hiyohiyo ungepatikana bila jasho. Na pingi ya kwenda kwenye ruta haitegemei gemu yoyote. Xbox One, kwenye kurasa zake za takwimu za mtandao, huonyesha uchelewaji na pakiti zilizopotea. Haitaji seva ya gemu yako, lakini angalau imekiri kwamba kitu hicho kipo.

Hoja ya tatu, ambayo hakuna anayeisema kwa sauti: mashine hizi hazikutengenezwa zikimfikiria Tabata. Kwa miaka mingi orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation haikuwa na Tanzania wala Kenya. Vijana wetu wamekuwa Waingereza na Wamarekani wa karatasi ili mstari wa tatu ufaulu. Anayeishi Frankfurt, seva ikiwa mjini kwake, anaweza kweli kuishi bila kuiona pingi, kama samaki asivyoona maji. Anayeishi mwisho wa nyaya anaiona kila siku. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani ilidorora na mawasiliano yakapitishwa njia za kuzunguka. Konsoli iliyofika kwenye seva yake kwa njia hizo ndefu ingejipima na kuandika: imefaulu.

Skrini ningeiandika hivi

Mhakiki asiyeonyesha mbadala ni mlalamikaji. Kwa mashine ileile, vipimo vilevile, Ma'mdogo angestahili kusoma hivi:

Umeunganishwa, na akaunti imekubaliwa.
Kati ya mashine na ruta: hewa imejaa, majibu yanayumba. Jaribu waya.
Kati yako na seva ya mbali: milisekunde 180. Gemu za kupokezana zamu zitakwenda vizuri. Mpira na mapigano vitachelewa. Kuongeza kifurushi hakutapunguza namba hii sana.
Kasi: inatosha kucheza. Kifurushi kikubwa kitaharakisha kupakua tu.
Wachezaji wengine kukufikia: wanazuiwa, na anayezuia si ruta yako, ni mtandao wa kampuni.

Mistari mitano. Ni pungufu ya ile sita ya sasa.

Na wewe mwenye konsoli nyumbani, usisubiri waandike. Chukua kompyuta, au programu yoyote ya pingi kwenye simu, pima mara mbili. Kwanza kwenda kwenye ruta, ile 192.168 ya mwisho wa 1 mara nyingi. Ikiyumba, shida ni hewa ya ndani: vuta waya, au sogeza ruta, au badili chaneli. Ikitulia, pima kwenda seva ya mbali. Namba ikiwa kubwa lakini imetulia, huo ni umbali; weka hela yako mfukoni. Ukishafanya hivyo viwili, ndipo ufikirie kifurushi.

Tulichofanya Tabata ni kidogo. Tulirudisha ruta kwenye 2.4 na 5 kwa pamoja, zile nene mbili tukazivutia waya juu ya kenchi, Slim ikabaki hewani peke yake. Ma'mdogo alirudi kwenye kifurushi cha megabiti 10. Mechi za mtandaoni ameziacha. Badala yake ameanzisha ligi ya mtaa, watoto wanane wa Tabata dhidi ya wanane wa Segerea, wote kwenye benchi lilelile, pingi sifuri.

Nilipomweleza yote haya alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea chai, kisha akauliza, "Sasa kama lilikuwa linajua, kwa nini lenyewe lisiseme?"

Nikamwambia halikuulizwa na mtu kama yeye. Akacheka kidogo. Deni la kikoba bado analilipa.